Seva inapoanguka, nani afungue faili lake?

Tarehe 15 Juni 2023, walinzi wa mitandao katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani waligundua kwamba kuna mtu anasoma barua pepe za wizara hiyo. Mtu huyo hakuwa amevunja mlango wowote, wala hakuwa amekisia nywila ya mtumishi yeyote. Aliingia kwa vibali vilivyosainiwa kwa ufunguo wa kampuni ya Microsoft yenyewe, na mifumo ya kampuni hiyo ikampisha kama mwenyeji.

Siku iliyofuata wizara iliiarifu Microsoft. Baadaye ilibainika kwamba visanduku vya barua vya taasisi 22 na vya watu zaidi ya 500 vilikuwa vimeingiliwa, vikiwemo vya aliyekuwa Waziri wa Biashara wa Marekani, Gina Raimondo, na vya balozi wa nchi hiyo mjini Beijing wakati huo, Nicholas Burns. Katika Wizara ya Mambo ya Nje pekee zilichukuliwa barua zipatazo 60,000. Microsoft ililipa kundi lililohusika jina la Storm-0558 na kusema linaendesha shughuli zake kutoka China. Serikali ya China ilikanusha.

Upande wa kijasusi wa kisa hicho umezungumzwa sana. Uliozungumzwa kidogo ni upande wa karakana, yaani namna mafundi wanaorekebisha seva zilizoharibika wanavyofika kwenye siri za watu bila kukusudia, na namna wadukuzi wanavyopita katika njia hiyo hiyo ya mafundi. Jambo hilo linazihusu nchi za Afrika Mashariki na Maziwa Makuu, ambako wizara, benki, hospitali na vyuo vikuu vinazidi kuhamishia kazi zao kwenye seva za kukodi zilizo mbali, maarufu kama huduma za wingu. Seva hizo, kama mashine nyingine yoyote, huharibika, na zikiharibika huitiwa fundi.

Kilichomo ndani ya faili la ajali

Programu inapoanguka ghafla, mfumo wa kompyuta hujaribu kuhifadhi hali ilivyokuwa wakati ule ule. Hunakili yaliyokuwamo katika kumbukumbu ya mashine na kuyaweka katika faili moja, ambalo linaweza kuitwa faili la ajali. Kwa mhandisi, faili hilo ni kama kisanduku cheusi cha ndege. Humwonesha programu ilikuwa inafanya nini, ilikuwa imefikia hatua gani, na ni hatua ipi iliyoiangusha. Bila faili hilo hubaki akibahatisha.

Lakini kisanduku cheusi cha ndege hurekodi mambo yaliyochaguliwa, ilhali faili la ajali likinakiliwa kamili halichagui kitu. Kumbukumbu ya seva ya benki ikinakiliwa saa nne asubuhi, yaelekea humo mtakutwa majina ya wateja waliokuwa wakihudumiwa, namba za akaunti zao, na pengine funguo za siri ambazo seva hutumia kujitambulisha kwa seva nyingine. Data ambazo hufichwa kwa usimbaji zikiwa kwenye diski au zikiwa safarini mtandaoni, kwa kawaida huwa wazi pale zinapofanyiwa kazi, kwa sababu programu inapaswa kuzisoma ili izitumie. Faili la ajali huzikuta katika uwazi huo.

Septemba 2023 Microsoft ilitoa maelezo yaliyowashangaza hata watu wa fani hiyo. Ilisema kwamba Aprili 2021 mfumo wake wa kusaini vibali ulianguka na kuacha faili la ajali. Faili hilo halikupaswa kubeba ufunguo wa kusainia, lakini kasoro katika programu iliuacha humo, na vichunguzi vinavyotafuta siri zilizosahaulika havikuuona. Faili likaondolewa kwenye mtandao uliotengwa na kupelekwa kwenye mazingira ya kutafutia hitilafu, yaliyokuwa katika mtandao wa kawaida wa ofisi uliounganishwa na intaneti. Baadaye wadukuzi wakaiteka akaunti ya mhandisi mmoja aliyekuwa na ruhusa ya kufika huko. Microsoft ilisema hiyo ndiyo njia iliyoelekea zaidi kuwa ndiyo.

Miezi sita baadaye, Machi 2024, kampuni hiyo ilirekebisha kauli yake: haikuwa imepata faili lolote la ajali lenye ufunguo huo. Bodi ya Mapitio ya Usalama wa Mitandao ya serikali ya Marekani, katika ripoti iliyotolewa Aprili 2 mwaka huo, ilieleza kwamba Microsoft ilikuwa imechunguza dhana 46 na bado haikujua kwa hakika ufunguo uliibwaje. Bodi ilihitimisha kwamba uvamizi huo ungeweza kuzuiwa na kwamba ulitokana na mlolongo wa makosa yaliyoepukika. Ufunguo wenyewe ulikuwa wa mwaka 2016 na ulikuwa umeshapita muda wake. Kazi ya kubadilisha funguo za aina hiyo, iliyokuwa ikifanywa kwa mikono, ilikuwa imesimamishwa mwaka 2021 baada ya kusababisha huduma kukatika.

Wapo walioyapokea marekebisho hayo kana kwamba habari ya faili la ajali imefutika. Hoja hiyo haina nguvu. Kampuni iliyoujua mfumo huo kuliko mtu mwingine yeyote iliiona njia hiyo kuwa inawezekana kabisa, kwa kuwa takriban kila hatua yake ilikuwa kazi ya kawaida ya siku: seva imeanguka, faili limenakiliwa, limepelekwa mahali ambapo mafundi hulichambua. Na haikuweza kuonesha ushahidi wa wizi wenyewe kwa sababu, kwa maelezo yake, madaftari ya matukio ya kipindi hicho hayakuwepo tena kutokana na ukomo wa muda wa kuyahifadhi. Ushahidi wa nani alifungua nini na lini ulikuwa umekwisha kutupwa.

Mhudumu wa zamu

Kampuni za wingu huendesha madawati ya msaada saa 24, zikipokezana zamu bara kwa bara. Afisa wa teknolojia wa hospitali mjini Kigali anayeripoti hitilafu usiku wa manane anaweza kujibiwa na mtu ambaye kwake ni mchana kweupe. Mara nyingi huyo si mhandisi aliyeujenga mfumo. Ni mhudumu wa ngazi ya kwanza, mwenye foleni ya wateja wenye hasira, na mara nyingi kazi yake hupimwa kwa kasi ya kumaliza malalamiko.

Kumnyima mhudumu huyo data zote za ajali ni kumfanya tarishi. Atapokea lalamiko, alipeleke kwa wahandisi, kisha amwambie mteja asubiri, na mfumo wa hospitali uendelee kuwa chini. Kumpa kila kitu nako ni kumkabidhi siri asizozihitaji. Wakazi wa miji ya ukanda huu wanaifahamu hali hiyo kwa sura yake ndogo kwenye kibanda cha fundi wa simu. Fundi anayebadilisha kioo huomba namba ya siri, na mwenye simu huitaja bila kusita kwa kuwa anaitaka simu yake jioni. Fundi anahitaji kweli kujua kama kioo kipya kinaitikia kidole. Picha za familia na ujumbe wa pesa hazihusiki na kioo, lakini namba ni moja na hufungua vyote.

Kisa cha kampuni ya Okta, ya Marekani, kinaonesha hali hiyo inavyoweza kuwa mbaya. Okta husimamia utambulisho wa watumishi wa maelfu ya kampuni, yaani ndiyo inayothibitisha kwamba anayeingia kwenye mfumo ni yeye kweli. Wateja wake walipopata hitilafu, wahudumu wa msaada waliwaomba wapakie faili lenye rekodi ya mawasiliano ya kivinjari chao. Rekodi hiyo humsaidia fundi kuona hitilafu ilipotokea. Humo pia huweza kuwamo tokeni za kikao, vijikadi vya kidijiti ambavyo anayevishika anaweza kupita bila kuulizwa nywila.

Kati ya Septemba 28 na Oktoba 17, 2023, mdukuzi alikuwa ndani ya mfumo wa msaada wa Okta akiyapekua mafaili hayo. Mtumishi mmoja alikuwa ameingia kwenye akaunti yake binafsi ya Google katika kompyuta ya kazi, na Okta ilisema yaelekea nywila ya akaunti ya huduma, iliyohifadhiwa humo, ilivuja kwa njia hiyo. Mafaili ya wateja 134 yalifikiwa, na vikao vya wateja watano vikatekwa. Kilichouma zaidi ni kwamba baadhi ya wateja ndio walioiamsha Okta: kampuni ya BeyondTrust iliitahadharisha mapema Oktoba, zaidi ya wiki mbili kabla ya Okta kulithibitisha tatizo hadharani. Mwishoni mwa Novemba Okta ilikiri kwamba mdukuzi alikuwa pia amepakua orodha ya majina na anwani za barua pepe za watumiaji wote wa mfumo huo wa msaada.

Wakati mwingine hahitajiki hata mdukuzi. Mei 2025 kampuni ya sarafu za kidijiti ya Coinbase ilitangaza kwamba wahalifu waliwahonga wahudumu wa msaada walio nje ya Marekani ili wanakili taarifa za wateja kutoka kwenye mifumo ambayo kazi yao iliwaruhusu kuifungua. Wateja 69,461 waliathirika. Wahalifu walidai dola milioni 20. Kampuni ilikataa kulipa na badala yake ikatangaza zawadi ya kiasi hicho hicho kwa atakayesaidia wakamatwe.

Ukomo wa kweli na ukomo wa karatasi

Ni rahisi kuandika katika sera kwamba wahudumu watapewa ruhusa yenye mipaka. Ugumu upo katika kuamua mpaka huo uchorwe wapi. Kampuni nyingi huuchora kwa mtu: huyu anaaminika, yule bado. Visa vilivyotajwa vinaonesha udhaifu wa njia hiyo, kwa kuwa akaunti ya mtu anayeaminika huibwa, na mwenye mshahara mdogo hushawishika. Mpaka unaodumu ni ule unaochorwa kwenye data zenyewe, kabla hazijamfikia mtu yeyote.

Mara nyingi anachohitaji mhudumu wa ngazi ya kwanza ni kidogo: programu gani imeanguka, ni toleo lipi, saa ngapi, namba ya kosa ni ipi, na mnyororo wa hatua zilizotangulia anguko. Mambo hayo mashine inaweza kuyachopoa pale pale ajali ilipotokea na kumpelekea kama muhtasari, faili lenyewe likibaki lilipo. Muhtasari usipotosha, hapo ndipo mhandisi anapolifungua faili katika mazingira yasiyo na njia ya kutoka nje, kwa ruhusa inayokwisha baada ya saa kadhaa, huku kila anachokigusa kikiandikwa katika daftari asiloweza kulifuta.

Kuna vyombo vinavyojaribu kufuata mkondo huo. Microsoft ina huduma iitwayo Customer Lockbox, ambayo humtaka mhandisi wa msaada aombe idhini ya mteja kabla ya kufikia data zake, na Google ina yake iitwayo Access Approval. Amazon imekwenda mbali zaidi kwa kuunda seva za mfumo wa Nitro ambazo, kwa mujibu wa kampuni hiyo, hazina kabisa njia ya mtumishi wake kuingia na kusoma kumbukumbu ya mteja. Kampuni ya ukaguzi ya NCC Group iliupitia muundo huo mwaka 2023 na haikuona pengo linalopingana na madai hayo.

Kila mlango uliofungwa una gharama yake. Muhtasari uliosafishwa kupita kiasi unaweza kufuta alama pekee iliyoelekeza kwenye chanzo cha hitilafu, na chombo cha kusafishia nacho hukosea, kama maelezo ya kwanza ya Microsoft yalivyokiri. Idhini ya mteja ni kinga nzuri mchana. Saa nane usiku, mtu pekee mwenye mamlaka ya kuitoa akiwa amezima simu, inakuwa sababu ya huduma kulala hadi asubuhi. Tena katika Microsoft 365 huduma ya Lockbox imo kwenye vifurushi vya bei ya juu, kwa hiyo anayelipa kidogo huulizwa kidogo.

Uko pia ukomo wa karatasi tu. Julai 2025 chombo cha habari za uchunguzi cha ProPublica kilifichua kwamba Microsoft ilikuwa ikiwatumia wahandisi walioko China kusaidia kuhudumia mifumo ya wingu ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Wahandisi hao hawakuigusa mifumo hiyo wenyewe. Walimwelekeza msindikizaji, raia wa Marekani mwenye kibali cha usalama, naye akaandika amri walizomtajia. Kwenye karatasi kanuni ilitimizwa. Kwa vitendo, kwa mujibu wa uchunguzi huo, wasindikizaji wengi walikuwa na ujuzi mdogo kuliko waliowasimamia, na tangazo moja la kazi hiyo lilitaja malipo ya kuanzia dola 18 kwa saa. Mlinzi asiyeielewa lugha ya anayemlinda hawezi kujua kilichosemwa. Siku chache baada ya habari hiyo kutoka, Microsoft ilisema timu zilizoko China hazitatoa tena msaada huo kwa wizara.

Mikataba ya ukanda huu

Katika kisa cha Storm-0558 kuna jambo moja linalozigusa nchi maskini kuliko mengine yote. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliwagundua wavamizi kwa sababu ilikuwa inalipia kifurushi cha bei ya juu, chenye daftari linaloonesha ni barua ipi imefunguliwa na lini. Wenye vifurushi vya kawaida hawakuwa na daftari hilo, hivyo wangeweza kusomwa barua zao mwaka mzima bila kujua. Baada ya shinikizo la serikali ya Marekani, Microsoft ilitangaza Julai 2023 kwamba itapanua rekodi hizo kwa wateja wa kawaida bila malipo ya ziada, na kwamba muda wa kuzihifadhi utaongezwa kutoka siku 90 hadi 180. Manufaa hayo yamezifikia pia ofisi za Kampala na Bujumbura zinazotumia huduma hiyo, ingawa hazikuwa mezani yalipojadiliwa.

Sheria zipo. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipata kanuni yake ya masuala ya kidijiti Machi 2023. Sheria ya Rwanda hutaka data binafsi zihifadhiwe nchini, isipokuwa kwa mwenye cheti kinachomruhusu kuzihifadhi nje. Ile ya Kenya humtaka anayemiliki data kuripoti uvujaji kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na anayezichakata kwa niaba yake kumjulisha ndani ya saa 48.

Mjadala wa umma kuhusu sheria hizo umejikita zaidi katika swali la data zikae wapi. Ni swali la haki. Hadi sasa vituo vikubwa vya wingu vya Microsoft, Amazon na Google barani viko Afrika Kusini, na mradi wa dola bilioni moja wa Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi, wa kujenga kituo kinachotumia jotoardhi huko Olkaria nchini Kenya, ulitangazwa Mei 2024. Lakini seva inaweza kuwa Olkaria na faili lake la ajali likasomwa bara jingine saa hiyo hiyo. Mikataba ya kampuni kubwa huweza kuziweka data zinazotolewa wakati wa kuomba msaada katika fungu lake, lenye masharti tofauti na yale ya data za kawaida za mteja. Mwanasheria wa serikali anayesoma kifungu cha mahali pa kuhifadhi data na kuridhika anaweza kuliruka fungu hilo, na ndilo linaloamua kama faili litakaa siku saba au miaka miwili baada ya hitilafu kurekebishwa, nani ataliona, na kama mteja ataoneshwa daftari la walioliona.

Kuna upande mwingine wa meza. Nairobi na Kigali zimekuwa zikizialika kampuni za kigeni kuleta kazi za vituo vya huduma kwa wateja, na vijana wengi wa ukanda huu tayari huwahudumia wateja wa mabara mengine kwa zamu za usiku. Siri zinapovuja, wa kwanza kushukiwa ni wao, walio chini kabisa katika ngazi na walio mbali na makao makuu. Mhudumu wa Nairobi ambaye mfumo ulimwonesha muhtasari tu, na ambaye jina lake liko katika daftari kwa kila alichokifungua, ana cha kujibu siku atakapoitwa. Mwenzake aliyepewa kila kitu kwa kuaminiwa tu hana cha kuonesha ila neno lake.